Kotile: Matembezi kwa swala wa 'macho manne'

TEMBEA uone, walisema wahenga. Wanachama wa vyama vya matembezi waliokwisha kuzoea Ngong na Longonot hawana budi kuifikiria Kotile, kusini mwa Kaunti ya Garissa. Huko hakuna mlima. Bingwa wa vilele hana pa kujigambia, na mwenye kitambi hana kisingizio. Ardhi ni tambarare. Adui ni jua.

Karibu na Kotile, mashariki mwa Mto Tana, ipo hifadhi ya jamii ya Ishaqbini. Humo anaishi hirola, swala ambaye inakadiriwa wamebaki chini ya 500 duniani kote. Chini ya kila jicho ana tezi kubwa, ndiyo maana akaitwa swala wa macho manne. Atakuona kabla hujamwona, hasa ikiwa kundini yumo yule mcheshi asiyefunga mdomo!

Mnamo 2012 sehemu ya hifadhi ilizungushiwa uzio wa kuzuia simba na fisi, wakaingizwa hirola 48. Wenyeji ni wafugaji, na kwa mfugaji kutoa malisho si mchezo. Walitoa.

Kabla ya safari, ulizieni hali ya usalama, ombeni ruhusa na askari wa kuwaongoza. Anzeni alfajiri, kila mtu na maji yake. Mkimwona hirola, nyamazeni. Soga zitangoja chai ya maziwa jioni.