Upepo na Maji: Kupanga Safari Fupi ya Mbuga za Ziwa Turkana

Ziwa Turkana, lililoko kaskazini mwa Kenya, limezungukwa na nyika kame yenye mawe meusi ya volkano, na katika eneo hilo zimo mbuga tatu za kitaifa, yaani Sibiloi iliyo kwenye ufuo wa mashariki, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini, ambazo kwa pamoja ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Msafiri mwenye siku chache hufungua ramani akahesabu kilomita, ilhali mambo yanayoamua mafanikio ya safari hiyo ni mawili ambayo ramani haiyaonyeshi: upepo na maji.

Upepo huo una chanzo kinachojulikana vyema. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya pana uwazi mpana wa ardhi ya chini, na hewa inayovuma kutoka Bahari ya Hindi, ikifika hapo na kubanwa pande zote mbili, huongeza kasi na kuwa kile ambacho wataalamu wa hali ya hewa hukiita mkondo wa Turkana, ambao J. H. Kinuthia na G. C. Asnani waliueleza katika makala yao ya mwaka 1982. Mkondo huo hupita na unyevu mwingi wa bahari na kuusafirisha kuelekea bonde la Kongo bila kuudondosha, ndiyo maana upepo utokao baharini unavuma juu ya nchi inayopata mvua kidogo tu. Nguvu yake ni kubwa kiasi kwamba karibu na Loiyangalani imejengwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme.

Kwa kawaida mkondo huo hukaza usiku na alfajiri, kisha hulegea mchana, kwa sababu ardhi iliyopashwa joto na jua huivuruga hewa na kuupunguzia upepo kasi. Kwa hiyo hema linapaswa kufungwa imara kabla ya giza kuingia, hata kama jioni ni tulivu, na saa ya kuvuka kwenda visiwani iachwe mikononi mwa manahodha wa huko, wanaolijua ziwa kuliko ratiba yoyote iliyoandikwa Nairobi. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa kisayansi wa Vivian Fuchs walivuka hadi Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Ratiba isiyo na siku moja ya akiba kwa ajili ya upepo haifai.

Kuhusu maji, hadaa kubwa ni ziwa lenyewe. Halina mto unaotoka, hivyo maji yanayoletwa zaidi na Mto Omo hupungua kwa kugeuka mvuke tu na kuacha chumvi na magadi nyuma, na mgeni hapaswi kuyategemea kwa kunywa. Jambo la hatari zaidi ni kwamba upepo mkavu hukausha jasho mara litokapo, mtu akadhani hatoi jasho, kumbe mwili wake, akitembea juani, unaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Lita tano kwa kila mtu kwa siku ni kiasi cha chini cha kubeba, mbali na maji ya gari na ya siku mbili za dharura.

Aliye na siku tatu tu aiache Sibiloi. Njia ya gari inayopitia Marsabit, North Horr na jangwa la Chalbi humaliza muda huo kwa kwenda pekee, na mvua ikinyesha milimani, laga, yaani mito mikavu inayokatiza njia, hujaa ghafla chini ya anga isiyo na wingu. Ni afadhali aruke hadi Lodwar, ashuke Kalokol, kisha avuke kwenda Kisiwa cha Kati, volkano yenye maziwa matatu ndani ya kreta zake na mazalio ya mamba.

Mwenye wiki nzima, hata hivyo, asiikose Koobi Fora, iliyomo Sibiloi. Huko mafuriko na upepo humomonyoa matabaka ya udongo wa kale na kufichua visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, na ndiko Bernard Ngeneo alikogundua mwaka 1972 vipande vya fuvu linaloitwa 1470, lenye umri wa takriban miaka milioni 2. Umri kama huo haupimwi kwenye mfupa, bali kwenye majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake, kwa kulinganisha potasiamu na gesi ya agoni inayozaliwa humo polepole. Mfupa ukiokotwa na kutiwa mfukoni hutenganishwa na tabaka lake, na hakuna maabara iwezayo kuurudishia tarehe yake. Kwa hiyo mgeni akiuona auache ulipo, apige picha ya mahali, kisha amwarifu mwongozaji.