Kinacholegeza Taiti ni Beseni

Taiti au sidiria ikilegea, lawama huangukia mtumba, au mwili wa mvaaji. Mara nyingi mkosaji ni ufuaji. Mvutiko wa nguo hizi hutokana na elastani, uzi uliobuniwa na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1958. Uzi huo hauelewani na joto wala klorini: maji ya moto, pasi kali na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe huudhoofisha kidogo kidogo, na ukishachoka haurudi.

Kwa hiyo fua kwa maji baridi. Wapo watakaosema hayatoi jasho. Lakini jasho kwa sehemu kubwa ni maji na chumvi, vitu visivyohitaji moto. Yanayong'ang'ania ni mafuta ya mwili, na hayo ni kazi ya sabuni. Igeuze nguo ndani nje, uifikiche taratibu mapema kabla uchafu haujakaukia. Kusokota nako ni kubaya: badala yake, ikunje ndani ya taulo kavu, uibonyeze. Na jua? Linasaidia kuua vijidudu, kweli, ila huchosha elastani pia, kwa hiyo kivuli chenye upepo kinatosha.