URAFIKI WETU NA CHINA ULIANZAJE?

Ndugu msomaji, siku moja darasani hapa Mwankoko mzee mmoja aliuliza: "Mwalimu, China iko mbali, wala hatupakani nayo. Urafiki wetu ulianzia wapi? Na ile reli, walitupa bure?"

Swali ni zuri. Tulijibu hivi.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. China ilitutambua mara moja. Mwaka 1964 Tanganyika iliungana na Zanzibar. Februari 1965 Rais Julius Nyerere alikwenda China, na mkataba wa urafiki ukatiwa sahihi. Juni mwaka huo huo Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, alikuja kwetu.

Lakini mkataba ni karatasi. Rafiki hujulikana wakati wa shida.

Shida ilikuja Novemba 1965. Walowezi wa Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru ili waendelee kuwatawala Waafrika. Jirani yao Zambia haina bahari. Shaba yake nyingi ilipita Rhodesia kwenda bandarini. Basi ikatakiwa njia nyingine, ya kupitia Dar es Salaam. Benki ya Dunia ilikuwa imekataa kutoa fedha. Ilisema reli hiyo haitaleta faida. China ikakubali. Mkataba wa reli ulitiwa sahihi Beijing, Septemba 1967.

Je, ilikuwa bure? Hapana. Ulikuwa mkopo usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30, nusu Tanzania na nusu Zambia. Tena China ilileta bidhaa zikauzwa madukani kwetu, na fedha hizo zikalipia gharama za ujenzi za hapa nchini. Kwa hiyo hata mama aliyenunua kitambaa cha China alisaidia kujenga reli!

Ujenzi ulianza mwaka 1970. Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860, toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Ilikabidhiwa Julai 1976. Wachina zaidi ya 60 walifia kazini, na Waafrika pia walikufa.

Na China ilipata nini? Wakati ule ilikuwa nchi maskini, imegombana na Marekani na Urusi pia. Haikuwa na kiti Umoja wa Mataifa. Ilihitaji marafiki. Oktoba 1971 Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoipigania, ikakipata kiti chake.

Ndugu, jirani akikuazima ng'ombe wa kulimia, amekufaa kweli. Lakini wakati wa mavuno naye atahitaji mikono yako. Hiyo si aibu. Aibu ni kupokea bila kuuliza masharti. Ujue unapokea nini, unatoa nini, na utalipa lini. Kwa taifa ni hivyo, na kwa kijiji ni hivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini Zambia ilihitaji njia mpya?
2. China ilipata faida gani?
3. Kijiji chako kikipewa mkopo, mtauliza nini kabla ya kutia sahihi?