Kabla ya Kupanda Gari, Tazama Taa za Nyuma

Tawi letu hapa magharibi mwa Uganda lina pikapu kuukuu ya volti 12. Ndiyo inayotupeleka alfajiri kwenye mashamba ya chai kuonana na wanachama. Mwaka jana tulitoa balbu za zamani za breki na indiketa, tukaweka za LED. Nia ilikuwa njema, lakini kazi tuliifanya harakaharaka. Asubuhi moja ya ukungu dereva wetu alikanyaga breki, na mwenye pikipiki aliyekuwa nyuma hakutambua. Alitugonga, akavunjika mguu. Ni mchuma chai mwenzetu. Nayaandika haya kwa sababu tuna deni kwake.

Kosa la kwanza lilikuwa rangi. Tulinunua balbu nyeupe kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Mwanga mweupe wa LED una wekundu mdogo, hivyo ukipita kwenye kioo chekundu hufifia. Kioo chekundu kinataka balbu nyekundu, na kioo cha rangi ya chungwa kinataka balbu ya chungwa.

Kosa la pili: balbu ile moja hufanya kazi mbili, taa ya usiku na taa ya breki. Ya zamani ina nyuzi mbili, wati 5 na wati 21, ndiyo maana breki huonekana wazi. Za kwetu ziliwaka karibu sawasawa. Aliyekuwa nyuma aliona taa, lakini hakujua kwamba tunasimama.

Kosa la tatu lilikuwa indiketa. Flasha ya zamani imetengenezwa kwa umeme mwingi unaovutwa na balbu za wati 21. LED huvuta kidogo, basi indiketa hukimbia mno, au huwaka moja kwa moja bila kuzima. Dawa yake ni flasha mpya ya LED. Wengine hufunga rezista. Hiyo hupata moto sana, kwa hiyo ifungwe kwenye bati, mbali na plastiki na waya.

Sasa fundi ametutengenezea vizuri, baada ya kusafisha kutu kwenye soketi na ethi. LED nzuri huwaka papo hapo, lakini uzi wa balbu ya zamani huchelewa karibu sehemu ya tano ya sekunde. Gari la nyuma likienda kilomita 90 kwa saa, muda huo ni mita 5. Mita hizo zinatosha kuokoa mtu.

Ndugu zangu, malori na matrekta ya waajiri nayo hutubeba kila siku. Kabla ya kupanda, taa za usiku ziwashwe, mmoja akanyage breki, mwingine asimame hatua 20 nyuma atazame. Asipoona tofauti, msipande, mwiteni mwakilishi wa chama. Akikataa mmoja ataitwa mkaidi. Tukikataa wote, taa itatengenezwa.