Pakanga ya Nyuma ya Nyumba: Je, ni Dawa au ni Chai Tu?

Ukitoka Kondele na kuingia Migosi, mjini Kisumu, chungulia nyuma ya nyumba. Kati ya sukuma wiki na kamba ya kuanikia nguo huenda ukaona mmea wenye majani yaliyochanika mithili ya unyoya, unaonukia ukiusugua kidogo. Hiyo ndiyo pakanga ya Kichina, au atemisia. Mama mmoja aliyenionyesha wake alisema, "Mwanangu, hii ni ya malaria, ni ya homa, na wakati wa korona tuliinywa sote."

Mama hakosi kabisa. Ndani ya majani hayo mna atemisinini, kemikali ambayo imewaokoa watoto wasiohesabika kando ya ziwa letu. Aliyeitoa ni Bi. Tu Youyou wa Uchina, na kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Mwanzoni dawa yake ilimsumbua: leo yafanya kazi, kesho haifanyi. Kisha akasoma katika kitabu cha tiba cha Ge Hong, kilichoandikwa yapata miaka 1,600 iliyopita, kwamba majani hulowekwa katika maji na kukamuliwa. Hakuna neno la kuchemsha! Mwaka wa 1971 akaacha moto mkali, akatumia etha, kioevu kinachochemka kwa joto dogo, na dawa ikapatikana.

Wanafunzi wa kemia watapenda jambo hili. Kila chembe ya atemisinini ina kaboni 15, haidrojeni 22 na oksijeni 5. Oksijeni mbili kati ya hizo zimeshikana kama daraja. Kimelea cha malaria hula damu yetu, na damu ina madini ya chuma. Chuma hicho kikikutana na daraja, daraja huvunjika na vipande vyake vikakiangamiza kimelea. Amejitilia sumu kwa ulafi wake mwenyewe.

Lakini atemisinini haipendi maji, na hapo ndipo chai ya mama inapopungukiwa. Watafiti walipopima lita moja ya chai iliyotengenezwa kwa gramu 9 za majani makavu, walipata miligramu 94.5 tu, karibu asilimia 19 ya kipimo cha siku. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2004 yalionyesha kuwa wastani wa asilimia 74 ya waliokunywa chai walipona, dhidi ya asilimia 91 waliopewa kwinini. Baadaye malaria iliwarudia wengi wa wale wa chai.

Sababu ni kwamba atemisinini hutoka mwilini kwa saa chache. Ndiyo maana tembe za hospitalini ni dawa mseto: atemisinini iliyoboreshwa pamoja na dawa nyingine inayokaa mwilini siku nyingi, na humezwa mara sita kwa siku tatu. Vimelea vinavyoonjeshwa dawa kidogo kidogo vyaweza kujifunza kuizoea. Usugu wa namna hiyo umeripotiwa Rwanda mwaka wa 2020 na Uganda mwaka wa 2021, na Uganda ni ng'ambo ya ziwa tu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka wa 2019 kwamba haliungi mkono majani ya atemisia kwa kutibu wala kuzuia malaria.

Na virusi je? Mwezi wa Aprili 2020 Rais Andry Rajoelina wa Madagaska alizindua kinywaji cha atemisia dhidi ya korona, na Tanzania ikatuma ndege kukichukua. Ni kweli kwamba katika maabara jamii ya atemisinini imezuia baadhi ya virusi, kikiwamo kile kiitwacho saitomegalo. Lakini kirusi hakili damu, hivyo ile hadithi ya chuma na daraja haitoshi kueleza. Tena kinachoua kirusi ndani ya kijichupa huenda kikahitaji kiasi ambacho damu ya mtu haiwezi kufikia. Kwa korona, hakuna aliyethibitisha kwamba chai hiyo inaponya.

Kuna na shida ya shambani, ambayo mimi hunivutia zaidi. Pakanga hutoa maua siku zikiwa fupi kuliko saa 13 na nusu hivi. Kisumu iko karibu na ikweta, siku zetu ni kama saa 12 mwaka mzima! Aina nyingi basi huchanua zingali changa, na majani yanakuwa haba. Zipo aina zinazochelewa, ila mbegu zake, zilizo ndogo kama vumbi, hazizai watoto wanaofanana na mama.

Kwa hiyo maabara hukata ncha ya tawi, huitakasa kwa maji yenye jiki, na kuipanda chupani katika uji mzito wa mwani wenye sukari na homoni. Tawi moja huzaa mengi, yote sawasawa, kama wafanyavyo kwa migomba ya tishu kule Juja. Baadaye miche huzoeshwa hewa ya nje polepole, kwani ikitolewa ghafla hunyauka.

Nilimuuliza yule mama afanyeje mjukuu wake akipata joto usiku. Akanyamaza kidogo. "Asubuhi nampeleka kupimwa damu," akasema. "Hii nitaiacha ifukuze mbu, na inukie."