Damu ya Kikwit, Eksirei za Ughaibuni

Katikati ya mwaka 2019, kuvuka mpaka wa Grande Barrière kutoka Goma, Kongo, kuingia Gisenyi, Rwanda, kulianza na ndoo ya maji ya klorini. Unanawa, unasogea, unaelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso. Homa ikionekana, unawekwa kando. Ebola ilikuwa imeingia Goma mwezi Julai.

Kipimajoto kinajua homa tu. Sura ya adui ilitafutwa mbali. Mwaka 2008, kundi la Erica Ollmann Saphire huko California lilionyesha umbo la protini ambayo Ebola huitumia kuingia kwenye seli, ikiwa imeshikwa na kingamwili ya mtu aliyepona ugonjwa huo Kikwit, Kongo, mwaka 1995. Protini hugeuzwa fuwele ndogo kuliko punje ya chumvi, kisha hupigwa eksirei. Miale hutawanyika na kuacha madoa, na kompyuta huyasoma hadi umbo litokee.

Eksirei ya hospitali haiwezi kazi hiyo. Panatakiwa sinkrotroni: elektroni zinazungushwa karibu na kasi ya mwanga, na sumaku zikizipinda, zinatema miale mikali ajabu. Ile ya Diamond, Uingereza, ina mzunguko wa mita 562. Nani aijenge peke yake? Ni kama mashine ya kusaga kijijini: mahindi ni ya kila nyumba, mashine ni moja. Serikali ya Uingereza hubeba asilimia 86 ya gharama, shirika la Wellcome hubeba zilizobaki. Mtafiti anaandika ombi, wanasayansi wenzake wanalipima. Akipita, anapewa saa zake bure, mradi achapishe matokeo. Kwa njia hiyo, mwaka 2016 watafiti wa Oxford walionyesha toremifeni, dawa ya saratani ya matiti, inavyojipenyeza ndani ya protini ile ile ya Ebola.

Afrika haina sinkrotroni hata moja. Ya jirani ni SESAME, Jordan, iliyozinduliwa 2017. Misri ni mwanachama, na humo Iran na Israeli wamo kwenye baraza moja. Kwa hiyo sikubali kisingizio kwamba majirani wasiopatana hawawezi kuchangia mashine.

Rwanda na Kongo zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mawaziri wetu wa fedha hawaombwi kujenga kesho. Waanze na nauli, mafunzo na ada ya uanachama wa SESAME, vijana wetu wapeleke fuwele zao wenyewe.