Mipira 120 na Kijana wa Wote

Kikosi cha taifa cha kriketi kinapotangazwa, msomaji wa Wote au Mwingi huenda asimtambue hata mmoja. Si ajabu. Mizizi ya mchezo huu nchini Kenya iko Nairobi na Mombasa, na klabu kama Ruaraka, Kanbis na Swamibapa ndizo zilizozoeleka kutoa wachezaji. Lakini kriketi ya ova 20 ina jambo linaloweza kumfaa kijana wa Ukambani: haihitaji wachezaji kumi na mmoja waliokamilika. Inahitaji watu kumi na mmoja, kila mmoja na kazi yake.

Tuanze na hesabu. Ova moja ni mipira sita, kwa hiyo kila timu hupata mipira 120 halali, basi. Mpigaji anayekusanya mikimbio 30 kwa mipira 30 ana takwimu za kupendeza, ila keshamaliza robo ya mipira ya timu nzima. Mwenzake aliyepata 20 kwa mipira 12 kisha akatolewa, amewaachia wengine mipira 18. Katika mechi ya siku nzima ningemchukua yule wa kwanza. Hapa namchukua wa pili, mashabiki wazomee watakavyo.

Kenya ilionja ukali wa hesabu hiyo mapema. Mwaka 2003 Steve Tikolo alituongoza hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 50. Miaka minne baadaye, nahodha akiwa yuleyule, tukakutana na Sri Lanka mjini Johannesburg katika Kombe la Dunia la kwanza la ova 20. Walitupiga 260. Sanath Jayasuriya peke yake alipata 88, kwa mipira 44. Kenya nzima ikatolewa kwa 88.

Majirani zetu wa Uganda wamelielewa somo. Mwaka 2023 walitwaa mojawapo ya nafasi mbili za Afrika katika Kombe la Dunia la ova 20 la 2024, Kenya na Zimbabwe zikabaki nyumbani. Juni 5, 2024, kule Guyana, Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43, aliwarushia Papua New Guinea ova nne, akatoa mikimbio 4 tu na kuangusha wiketi 2. Uganda ikashinda. Nsubuga hana kasi ya kutisha. Mpira wake wa taratibu hutua pale anapotaka utue, tena na tena. Mteuzi anayeangalia umri au misuli angemwacha Kampala.

Kwa hiyo wateuzi wakija Kitui na Makueni, wasisake mpigaji stadi aliyelelewa na mchezo tangu utotoni, hawatampata. Watafute mkono. Shule zetu zina vijana wa mpira wa mikono na mkuki wanaotupa kwa nguvu na shabaha, na mdakaji wa namna hiyo pembeni mwa uwanja huokoa mikimbio kila mechi. Ukame nao si kisingizio: ukanda wa saruji uliotandikwa mkeka maalumu hauhitaji nyasi.

Kumpata mrushaji wa ova ya mwisho ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu kiwiko hakiruhusiwi kukunjuka kama anayetupa jiwe. Mfundishe kwanza kurusha kwa mkono ulionyooka, wiki kadhaa. Kisha weka kiatu kikuukuu kwenye mstari wa mpigaji, mpe mipira sita. Akikigonga mara tatu, mkatie tiketi ya basi la Nairobi.